Bastola ya shabaha yenye kifyatulio laini: Ruger Mark IV, Smith & Wesson 41, Walther GSP au Pardini SP?

Mlengaji anayetaka kununua bastola yake ya kwanza ya shabaha, ya risasi ndogo za .22, aghalabu huanza kwa kuuliza ni ipi yenye mtutu sahihi kuliko nyingine. Nami nililiuliza swali hilo, na nikapoteza msimu mzima kwa kulifuata, kwa sababu jibu lake halimsaidii mtu kuchagua. Bastola nne ninazozilinganisha hapa, yaani Ruger Mark IV Target, Smith & Wesson Model 41, Walther GSP na Pardini SP, zikibanwa kwenye jiriwa na kupewa risasi zinazozifaa, zote huweza kuweka matundu yake ndani ya duara la kumi, ambalo katika shabaha ya usahihi ya mita 25 lina kipenyo cha milimita 50. Alama hupotea pale jiriwa inapoondolewa na bastola kuwekwa katika mkono mmoja ulionyooshwa, mkono ambao hautulii hata kwa sekunde moja. Mwenye mkono huo hawezi kuuzuia usitikisike. Anachoweza ni kuifyatua risasi bila kuuongezea mtikisiko mwingine, na hiyo ni kazi ya kifyatulio, au triga kama wengi tunavyosema uwanjani.

Kwa hiyo ulinganisho huu nimeujenga juu ya kifyatulio. Uzito wa bastola, bei na vipuri nitavitaja kila vinapohusika, lakini vyote vinakuja nyuma yake.

Ulaini ni nini hasa

Bastola zote nne ni za mfumo wa tendo moja. Maana yake ni kwamba nyundo huwa imekwisha kusimamishwa kabla kidole hakijaanza kuvuta: slaidi au bolti, yaani chuma kinachorudi nyuma kila risasi inapopigwa, huisukuma nyundo hadi inaposhikwa na jino dogo la chuma, na kazi pekee inayobakia kwa kidole ni kuliondoa jino hilo mahali pake. Katika mfumo wa matendo mawili kidole hicho hicho hutakiwa kwanza kuikunja springi ya nyundo, na ndiyo sababu mvuto wake ni mrefu na mzito. Lakini tendo moja peke yake haliwi laini kwa sababu tu ni moja. Jino lililokatwa vibaya, au linaloshika nyundo kwa kina kirefu mno, litajikokota juu ya chuma mwenzake, na kidole kitausikia ule mkokoto kama gari linalopita kwenye barabara ya changarawe.

Kifyatulio kina mambo manne ambayo mnunuzi anapaswa kuyasikia kwa kidole chake kabla ya kutoa fedha. La kwanza ni ulegevu wa mwanzo, yaani ule mwendo mfupi kabla ya kukutana na ukinzani wa kweli. La pili ni kujikokota, mwendo wenye msuguano baada ya ukinzani kuanza. La tatu ni namna jino linavyoachia. La nne ni mwendo wa ziada baada ya kuachia, ambao usipozuiwa humfanya mlengaji aisukume bastola pembeni wakati risasi bado imo ndani ya mtutu. Uzito sikuuhesabu, kwa kuwa uzito hupangwa na kanuni za shindano na wala si kipimo cha ulaini. Kifyatulio cha kilo moja kilichonyooka vizuri huhisiwa chepesi kuliko cha gramu 800 kinachokwaruza.

Katika hilo jambo la tatu, namna ya kuachia, walengaji wamegawanyika makundi mawili na kila kundi lina haki yake. Wako wanaotaka mkato: kidole kinaongeza shinikizo bila kifyatulio kusogea hata kidogo, kisha ghafla kinaachia kama uzi uliokatwa kwa wembe. Na wako wanaotaka mtelezo: kifyatulio kinasogea polepole na kwa usawa, kama mlango mzito wenye bawaba zilizopakwa mafuta, na mahali fulani katika mwendo huo risasi inatoka. Mkato humfaa mlengaji mwenye utulivu ambaye huweka vilengeo sawa kisha akamalizia. Mtelezo humsaidia yule anayeogopa sekunde ya mwisho, anayelenga vizuri halafu akakurupuka, kwa sababu haumpi mahali pa kusema "sasa". Mimi ni wa kundi la pili, na msomaji anaweza kuipunguzia uzito hukumu yangu kwa kiasi hicho.

Kanuni za shindano kwanza

Kabla ya kulinganisha bastola yenyewe, mnunuzi aamue atapiga shindano gani, kwa kuwa kuna bastola nzuri mno ambazo hazitamruhusu kuingia uwanjani. Katika kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, ISSF, bastola ya .22 ya mita 25 lazima kifyatulio chake kibebe gramu 1000 bila kuachia. Bastola yenyewe isizidi gramu 1400, mtutu usizidi milimita 153, na umbali kati ya vilengeo viwili usizidi milimita 220. Katika mchezo wa Marekani unaoendeshwa chini ya NRA, chama cha kitaifa cha bunduki cha huko, ambao hupigwa kwa mkono mmoja katika yadi 50 na 25, kifyatulio cha .22 hutakiwa kubeba ratili 2, ambazo ni takriban gramu 907. Tofauti hiyo ya chini ya gramu 100 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini bastola iliyorekebishwa barabara kwa kanuni za Marekani itashindwa katika ukaguzi wa Ulaya.

Ninasema hivi kwa kuwa yalinikuta. Bastola yangu ya kwanza niliinunua imekwisha tumika, kwa mtu nisiyemtaja, na sifa aliyoipigia sana ni kwamba kifyatulio chake "kinajifyatua chenyewe ukikifikiria tu". Nilipoipeleka kwenye ukaguzi wa shindano la mkoa hapa Ujerumani, mkaguzi aliusimamisha mtutu wima, akaikagua kwamba haina risasi, akaitundika ndoana ya jiwe la kilo moja katikati ya kifyatulio, kisha akainua bastola polepole kutoka mezani. Jiwe halikuinuka hata unene wa karatasi. Nyundo ilianguka kwa mlio mdogo mkavu. Akajaribu mara ya pili na ya tatu, matokeo yakawa yale yale. Tulipoifungua na fundi wa silaha wiki iliyofuata, tuliona kwamba mtu alikuwa amelipiga jino msasa kwa mkono, na ukingo wake ulikuwa umeviringika. Haikuwa laini, ilikuwa imeharibika. Jino jipya na saa moja ya fundi viliigharimu ile nafuu yote niliyodhani nimeipata.

Kwa sababu hiyo swali la kwanza ninalomwuliza mtu anayenionyesha bastola iliyotumika ni hili: kifyatulio kimerekebishwa kwa skrubu za kiwandani au kwa msasa? Skrubu hurudi zilikotoka. Chuma kilichokwisha kusagwa hakirudi.

Ruger Mark IV Target

Ruger ndiyo nafuu kuliko zote nne, na kwa umbali mkubwa. Ukoo wake ulianza mwaka 1949 na bastola ya kwanza ya kampuni hiyo, ukapitia Mark I, Mark II ya mwaka 1982 na Mark III, hadi ukafika Mark IV mwaka 2016. Badiliko kubwa la toleo hili ni kitufe kilichoko nyuma ya fremu: ukikibonyeza, sehemu ya juu inainuka na bastola inafunguka kwa usafi ndani ya sekunde chache, jambo ambalo kila aliyewahi kupambana na kuirudisha Mark II mezani atalishukuru. Mtutu wake mnene wa inchi 5.5, sawa na milimita 140, unaingia katika kanuni za ISSF, na vilengeo vyake havisogei kwa kuwa kinachorudi nyuma ni bolti iliyo ndani tu.

Kifyatulio chake cha kiwandani, hata hivyo, kilitengenezwa kwa ajili ya kila mtu: anayekwenda msituni, anayefundisha vijana, anayepiga makopo nyuma ya shamba. Kina ulegevu mrefu wa mwanzo, kina mkokoto unaosikika, na kwa kawaida ni kizito kupita ratili 2. Hakuna mpangilio wa kukirekebisha hatua kwa hatua kama ilivyo kwa bastola za Ulaya. Kinachoiokoa Ruger ni soko la vipuri: nyundo, majino na vifyatulio vya kubadilisha vinauzwa na watengenezaji kadhaa wa Marekani, Volquartsen akiwa maarufu zaidi miongoni mwao, na kwa seti moja kifyatulio kinageuka kiasi kwamba mtu aliyeizoea ya kiwandani ataiona ni bastola nyingine kabisa. Aina ya kuachia unayopata ni mkato, mfupi na safi.

Mwenye kununua iliyotumika aangalie tarehe ya kutengenezwa. Mnamo Juni 2017 kampuni iliwataka wenye Mark IV zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 ya mwezi huo wazirudishe kwake, kwa sababu kifyatulio kikivutwa huku kitufe cha usalama kimekaa katikati, bastola ingeweza kufyatuka baadaye kitufe kiliposogezwa kwenye nafasi ya kufyatua. Marekebisho yalifanywa na kampuni yenyewe. Muuzaji akushawishi kwa ushahidi kwamba yalifanyika.

Smith & Wesson Model 41

Model 41 ilitoka mwaka 1957 na haijabadilika sana tangu hapo, na kwa maoni yangu ndiyo yenye kifyatulio kizuri kuliko zote endapo hutakiwi kukigusa kabisa. Bamba lake ni pana na lina mifereji inayoshika nyama ya kidole bila kuuma. Ulegevu ni mdogo, mkokoto karibu haupo, kuachia ni mkato kamili, na ipo skrubu ya kuzuia mwendo wa ziada. Mshiko wake unafanana na wa bastola ya Colt ya mwaka 1911, kwa hiyo mlengaji wa mchezo wa Marekani anayetumia .22 asubuhi na .45, ya risasi kubwa, mchana haubadilishi mkono wake. Kwa huyo, sijui bastola nyingine ningeipendekeza mbele ya hii.

Kwa mlengaji wa Ulaya, hata hivyo, kuna mambo mawili. La kwanza ni la kanuni: huuzwa kwa mtutu wa inchi 5.5 au wa inchi 7, na ule mrefu, ambao ndio mzuri kwa macho, ni milimita 178, umepita kikomo cha ISSF. Mtutu unabadilishwa kwa kuvuta ulinzi wa kifyatulio chini na kuuchomoa, lakini mtutu wa pili ni gharama ya pili. Jambo jingine ni la kifyatulio chenyewe: hakina hatua mbili. Hakuna njia ya kukigawa ili kidole kibebe sehemu ya uzito kwanza, kisha kisubiri, kisha kimalizie. Anayetaka hivyo atabaki na kiu hiyo hata akiimiliki kwa miaka kumi.

Tena Model 41 huchagua risasi. Risasi za kasi ya kawaida, zile za shabaha, huzila bila matatizo. Zile za kasi kubwa humchosha mwenyewe kwa maganda yanayokwama. Mnunuzi ajipangie kununua makasha ya aina tatu au nne, apige kila moja, kisha abaki na ile inayopita bila kugoma.

Walther GSP

Tunaingia sasa katika mtindo mwingine wa kufikiri. Walther GSP, iliyobuniwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1960 na kutengenezwa Ulm, haina magazini, yaani kile kibebeo cha risasi, ndani ya mshiko; magazini yake ya risasi tano huingia mbele ya kifyatulio. Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mshiko ukiwa hauna kitu ndani, mbao inaweza kuchongwa kwa umbo la kiganja, na uzito wa bastola unasogea mbele, mahali unapoupa mtutu utulivu. Mkono unaoshika GSP kwa mara ya kwanza huhisi bastola inaelemea puani; baada ya wiki mbili hisia hiyo ndiyo mtu anayoitafuta katika bastola nyingine na asiipate.

Kifyatulio cha GSP ni kisanduku kizima kinachotoka kwa pamoja. Ndani yake mna jino, springi na skrubu zake, na fundi anaweza kukirekebisha mezani, akakirudisha, bila kugusa fremu. Zamani kulikuwa na visanduku vya gramu 1000 na vya gramu 1360, kwa kuwa kanuni za bastola za risasi kubwa zilitaka uzito huo wa pili. Mnunuzi wa GSP kuukuu ajue ameuziwa kipi. Kifyatulio cha gramu 1360 si kibovu. Ni kizito tu bila sababu kwa mtu anayetakiwa kubeba gramu 1000, na gramu 360 za ziada katika mkono mmoja ni jambo la kila risasi. Namna ya kuachia ni ya hatua mbili, na hatua ya pili ni mkato wenye ulaini kidogo. Hakina fursa nyingi za kukipanga kama Pardini, lakini kikipangwa vizuri hukaa hivyo kwa miaka.

GSP zilizotumika ni nyingi katika vilabu vya Ujerumani, na bei yake mara nyingi hukaribiana na ya Ruger iliyokwisha kuwekewa seti mpya ya kifyatulio. Ubora wa ununuzi huo hauna mjadala kwangu, ilimradi mshiko ukutoshe. Na hapo ndipo penye mtego: mbao iliyochongwa kwa mkono wa mtu mwingine haikusamehi. Mshiko mpya unaweza kununuliwa, lakini uongeze kwenye hesabu kabla hujafurahia bei.

Pardini SP

Pardini hutengenezwa Lido di Camaiore, katika pwani ya Toscana nchini Italia, na kwa mashindano ya ISSF ndiyo bastola ambayo wenzake hupimwa kwayo. Kama GSP, magazini yake ya risasi tano iko mbele ya kifyatulio na bolti husogea ndani ya boksi lisilosogea. Tofauti inaanzia kwenye mstari wa mtutu, ambao umekaa chini sana, karibu na usawa wa kidole gumba. Teke la risasi ya .22 si kubwa, lakini mtutu ulio juu ya mkono huinua pua kila risasi, ilhali mtutu ulio katika mstari wa mkono hurudisha nyuma moja kwa moja, na vilengeo vinabaki karibu na vilipokuwa. Katika nusu ya pili ya shindano la mita 25, ambapo shabaha huonekana kwa sekunde 3 na mkono hutakiwa kushushwa kwa sekunde 7 kabla ya risasi inayofuata, huko kurejea mapema ni nusu ya kazi.

Kifyatulio cha Pardini ndicho kilichonifanya niandike makala haya, nami nitakaa hapa kidogo. Kina hatua mbili zinazopangwa kila moja kwa skrubu yake. Unaweza kuipa hatua ya kwanza gramu 700 na ya pili 300, na jumla yake ikatimiza zile gramu 1000 za kanuni. Au ukaigawa nusu kwa nusu. Au ukaipunguza hatua ya pili hadi ikabaki ukuta mwembamba tu ambao kidole kinauhisi kabla ya kuupita. Unaweza kuupanga urefu wa hatua ya kwanza, kuzuia mwendo wa ziada, na kulisogeza bamba lenyewe mbele au nyuma kufuata urefu wa kidole chako. Kwa ufunguo mdogo wa alen na subira, mlengaji wa mkato atapata mkato wake na wa mtelezo atapata mtelezo wake kutoka katika bastola moja. Hakuna nyingine kati ya nne hizi inayoweza kufanya hivyo.

Jioni moja, baada ya mazoezi, mzee mmoja wa klabu yetu aliniazima yake. Aliniambia nisipige, nifumbe macho tu, niishike bila risasi kuelekea kwenye tuta, na kuvuta. Nilivuta hatua ya kwanza, nikakutana na ukuta, nikasubiri. Kisha nikaongeza kiasi ambacho siwezi kukieleza, na sikujua nyundo imeanguka mpaka nilipoisikia. Nilirudia mara kumi, na kila mara ukuta ulikuwa pale pale. Nilipofumbua macho, kilengeo cha mbele kilikuwa katikati ya kile cha nyuma, kama nilivyokiacha. Hicho ndicho ninachokiita ulaini: kidole kinajua kitakachokuja, lakini hakijui lini.

Uwezo huo wa kupanga una ubaya wake pia. Mwanafunzi mpya akikabidhiwa skrubu tano hatazielewa, na kila akipiga vibaya atazizungusha. Nimewaona walengaji waliobadilisha kifyatulio kila wiki mpaka kidole kikapoteza kumbukumbu yake yote. Kwa mtu wa namna hiyo, Model 41 isiyoweza kuguswa ni mwalimu bora. Aidha, hatua ya pili ikipunguzwa kupita kiasi, jino hushika nyundo kwa ncha tu, na hapo bastola inaweza kufyatuka kwa kutikiswa au kupiga mbili kwa mpigo. Baada ya kila marekebisho ijaribiwe bila risasi, isukumwe, bolti ifungwe kwa nguvu, kisha iwekewe risasi moja tu, halafu mbili, kabla ya kujazwa tano.

Lipo pia toleo la Pardini lenye kifyatulio cha umeme, ambapo kidole kinabonyeza swichi na betri ndiyo inayoliachia jino. Mkokoto hapo haupo kabisa. Ni zuri, ni ghali, na linahitaji mtu anayekumbuka betri. Kwa mlengaji wa klabu wa kawaida, kifyatulio cha kawaida cha kampuni hiyo hakimpungukii kitu.

Ipi kwa nani

Mtu anayeanza, ambaye hajui kama atapiga mwaka mmoja au ishirini, anunue Ruger, apige risasi elfu mbili au tatu kwa kifyatulio cha kiwandani, na aamue kubadilisha seti baada ya hapo. Kifyatulio kizito humfunza kuvuta moja kwa moja nyuma. Akikipunguzia uzito kabla hajajua kuvuta, atajifunza kukurupuka kwa haraka zaidi. Anayepiga mchezo wa Marekani, hasa akiwa anapiga pia .45, anunue Model 41 na mtutu wa inchi 5.5, kisha asitafute kingine.

Kwa mlengaji wa ISSF swali la kweli ni kati ya GSP iliyotumika na Pardini. Kama fedha zinatosha kwa Pardini na bado zikabaki za risasi za mwaka mzima, jibu ni Pardini, nami sina kigugumizi katika hilo. Kama Pardini itamaanisha kupiga mara moja kwa mwezi badala ya kila wiki, nunua GSP, na tofauti ya bei uigeuze kuwa makasha ya risasi. Kifyatulio cha hatua mbili kilichopigwa kila wiki hushinda kifyatulio bora kilichofungiwa kabatini. Kwa anayetaka kupiga na risasi kubwa baadaye, GSP na Pardini zote zina sehemu za kubadilisha kwenda kaliba ya .32 S&W Long yenye risasi bapa, na mkono hubaki kwenye mshiko ule ule.

Anayetumia mkono wa kushoto aanze kwa kuulizia mshiko wa kushoto kabla ya yote. Pardini na GSP zinayo mishiko hiyo. Ruger, kwa kuwa mshiko wake hauna umbo la kiganja maalum, inamfaa hata asiponunua kitu cha ziada.

Jambo la leseni lisisubiri duka. Hapa Ujerumani mlengaji wa michezo lazima awe amekuwa mwanachama wa klabu na kupiga kwa utaratibu kwa miezi 12 kabla ya kuomba kibali cha kununua, na kabati la chuma la kuhifadhia linapaswa kuwa tayari nyumbani. Miezi hiyo si ya kupoteza. Ndiyo nafasi ya kuazima bastola za wenzako moja baada ya nyingine, na hakuna muuzaji atakayekufundisha zaidi ya hapo. Msomaji aliye Tanzania anaanzia kwenye Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na aliye Kenya kwenye Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha.

Ukifika siku ya kuijaribu bastola yenyewe, omba ruhusa ya kuivuta bila risasi, na uulize kwanza kama inaruhusu. Bastola nyingi za .22 pini yake hupiga ukingo wa chemba, mahali risasi inapokaa, ikiwa hakuna ganda ndani, na ukingo ukishavimba maganda huanza kukwama. Kisha fumba macho, vuta mara kumi, na uhesabu ni mara ngapi ulishangaa kwa namna mbaya. Mbili zikitosha kukusumbua, hiyo si yako.

Iko bastola ya tano ambayo sikuiweka kwenye ulinganisho kwa kuwa haitengenezwi tena: Hämmerli 208, ya Lenzburg nchini Uswisi, ambayo magazini yake hukaa ndani ya mshiko kama Model 41, lakini kifyatulio chake hupangwa kwa namna ya Kiulaya. Ni chuma kilichofanyiwa kazi kwa upendo, na wazee wengi walioipata katika miaka ya 1970 hawajaiuza mpaka leo. Ukimpata mmoja aliye tayari kuachana nayo, usimwulize bei kabla hujamwomba akuonyeshe magazini za akiba na vipuri alivyonavyo ndani ya kisanduku, kwa sababu atakachokuwa nacho humo ndicho utakachoishi nacho.